Shingo ya Mwanangu na Pigo la Mia Tano

Bi. Arlys Kovarik,
Nyumba ya pili baada ya ghala la nafaka,
Bohemia Creek, Nebraska.

12 Machi

Kwa Mkurugenzi wa Sherehe na Kumbukumbu,
Klabu ya Besiboli ya Makorongo,
Port Lorimer.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SHINGO YA MWANANGU LELAND

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umekaa. Kama umesimama, tafadhali tafuta kiti, maana nina malalamiko matano na sipendi uyasome huku ukielekea kwenye mambo mengine.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na nane, na ndiye mama mzazi wa Leland Kovarik. Jina hilo yawezekana limekutoka. Shingo yake haiwezi kukutoka, kwa sababu umeibandika mji mzima.

Nikukumbushe kwa ufupi. Agosti iliyopita Leland alipandishwa ligi kuu kama mrushaji, baada ya miaka kumi na miwili ya ligi za chini, yaani miaka kumi na miwili ya kulala kwenye mabasi na kula mkate wenye siagi ya karanga. Ligi kuu alikaa siku tisa. Siku ya saba timu yake ilikuja kwenu kama wageni, akaambiwa apande kilimani, kile kichuguu cha mrushaji katikati ya uwanja, amrushie mpira Eladio Montero wenu. Huyo Montero alikuwa amekwisha kuvusha mpira ukutani mara mia nne tisini na tisa maishani mwake, na Port Lorimer nzima ilikuwa imeacha kazi ikisubiri ya mia tano. Mwanangu akarusha. Montero akapiga. Mpira ukavuka ukuta, ukavuka vichwa vya watu, ukatua kwenye chakula cha mtu. Leland akageuza shingo kuutazama, na mpiga picha wenu akabonyeza kitufe.

Siku mbili baadaye alirudishwa ligi za chini. Wakati wa baridi kiwiko chake kikakataa kazi, na sasa yuko ghalani hapa jirani, anapima unyevu wa mahindi. Yeye halalamiki. Mtoto yule tangu azaliwe hajui kulalamika, ndiyo maana kazi hiyo nimeichukua mimi.

Sasa tuanze.

1. Kwanza, mliandaa karamu bila kumwambia ng'ombe.

Nilikuwa jikoni natazama televisheni na dada yangu Dolores. Tukaona ukutani mmeandika LIMEBAKI MOJA kwa herufi ndefu kuliko mlango wa banda. Tukaona mtu wa fataki amekaa na kidole juu ya swichi, anameza mate. Tukaona familia ya Montero, mmewaleta kwa ndege kutoka kwao: mama, shangazi watatu na kinyozi wake, wote chini ya mwavuli, viti vina majina yao. Halafu Montero alipoingia, mwamuzi akaiweka kando mipira ya kawaida, akafungua mfuko wa pekee na kutoa mipira yenye alama za siri ambazo mtangazaji alisema zinaonekana kwa taa ya buluu tu, ili tapeli asije akaleta mpira wa uongo na kusema ndio wenyewe.

Dolores akasema, "Arlys, ule mpira una cheti cha kuzaliwa kabla haujazaliwa!"

Nikamwambia, "Nyamaza, huenda mtoto akamtoa kabla hajaugusa mpira."

Akasema, "Akamtoa wapi, dada? Mtu wa fataki amekwisha kujikuna mara tatu."

Nakuuliza kwa heshima zote: mipira mliitayarisha, moto mliutayarisha, kinyozi mlimpandisha ndege. Aliyetakiwa kuurusha huo mpira mlimtayarishia nini? Mama wa aliyepiga alikuwa na mwavuli. Mama wa aliyepigwa alikuwa na viazi jikoni, na vikaungua. Sufuria yenyewe ninayo mpaka leo kama ushahidi.

2. Pili ni picha.

Picha ile, mwili wa Leland unatazama mbele na uso unatazama nyuma, mdomo uko wazi kiasi cha kuhesabu meno ya juu. Mmeiweka kwenye vikombe, fulana, kalenda (Agosti, bila shaka, lakini pia Novemba, jambo ambalo silielewi) na ubavuni mwa mabasi ya mji. Binamu yangu aliyekwenda Port Lorimer kumwona daktari wa macho anasema basi lilipokata kona, shingo ya Leland ilikata kona nalo.

Utasema Nebraska ni mbali. Si mbali kwa jirani yangu Norbert Zabka. Norbert aliendesha gari kwa muda wa saa nane kwenda kununua kikombe kimoja. Kila Jumapili baada ya misa, kwenye ukumbi wa kanisa, anakaa mbele yangu na kahawa yake, anakigeuza kikombe taratibu mpaka uso wa mwanangu unitazame, kisha anakunywa. Nilimwambia, "Norbert, una kabati zima la vikombe nyumbani." Akanijibu, "Ninavyo, Arlys, lakini hiki kinakaa vizuri mkononi." Mtu mwenyewe ana mkono mmoja wenye afya na mwingine aliuvunja akicheza karata. Sikupi habari hizi ili umwonee huruma.

3. Tatu, na hapa naomba ushike kiti, ni vile vinyago vya kutikisa kichwa.

Najua desturi. Mchezaji akifikisha hesabu kubwa, mnagawa kinyago chake mlangoni, kichwa kimewekwa kwenye springi, ukikigusa kinaitikia ndiyo ndiyo ndiyo. Sina neno na desturi hiyo. Hata mkwe wangu marehemu alikuwa navyo, na alivipenda kuliko wajukuu. Ila ninyi mlitengeneza vya watu wawili, Montero na Leland juu ya ubao mmoja, na kiwanda kikakosea: springi ikawekwa kwenye shingo isiyo yake. Montero, mwenye sherehe, amekakamaa kama nguzo ya uzio. Anayetikisika ni mwanangu. Na hasemi ndiyo. Anageuka nyuma, anarudi, anageuka nyuma tena. Mligundua kosa mkiwa navyo elfu ishirini, mkaamua kwamba hivyo ni vizuri zaidi!

Padri wetu, Padri Cyril, anacho mbele ya usukani. Nilimwuliza kama jambo hilo ni la Kikristo. Akasema, "Bi Arlys, barabara zetu hizi za changarawe, mwanao ananisaidia kuangalia magari ya nyuma." Mimi nilipanda gari lile kwenda mazishini, maili kumi na moja, na kila shimo mwanangu aliniangalia, akaangalia nyuma, akaniangalia. Nililia kabla hatujafika, na marehemu nilikuwa simjui vizuri.

Hapo hamkutosheka. Mkaenda kuitafuta zahanati ya mifupa iwe mdhamini. Sasa kila mchezo, zamu ya saba kati ya zile tisa, pigo linaonyeshwa upya kwenye skrini kubwa, na Leland anapogeuka picha inasimama na sauti inauliza, "Shingo inauma? Tuone sisi!" Zamu ya tano mnaita watoto uwanjani washindane kugeuka kama Leland, na mshindi anapewa soseji yenye urefu wa mkono. Mjukuu wangu Tilly, mtoto wa binti yangu, alishiriki. Alikuwa wa pili. Nataka maelezo ya maandishi kwa nini alikuwa wa pili. Shingo ile ni ya ukoo wake, ameirithi, na kama kuna mtoto mwingine katika nchi hii anayegeuka kama Leland kuliko mpwa wake wa damu, basi waamuzi wenu wamehongwa kwa soseji.

4. Nne ni haki ya kazi.

Yule bwana ambaye mpira ulianguka kwenye sahani yake ya bisi za mahindi na jibini, mlimfanyia nini? Walinzi wanne walimsindikiza kama balozi. Mkamwomba mpira kwa unyenyekevu, naye akajifikiria, mkambembeleza, na mwisho mkampa gongo la kupigia mpira lenye sahihi, jezi yenye sahihi, picha akiwa amekumbatiwa na Montero, na kiti cha kudumu maisha yake yote. Na sahani nyingine ya bisi. Huyu mtu hakudaka kitu, Ndugu Mkurugenzi. Alikuwa anatafuna! Mwanangu ndiye aliyeutuma mpira huko, na alichopewa ni kuambiwa ashuke kilimani na atokee mlango wa upande ili asizibe kamera.

Hapa nikaona nisiongee kwa uchungu bali kwa elimu. Nikaenda kwa Bwana Stanley Hruska, aliyefundisha sayansi shule yetu miaka thelathini, na nikampelekea kolache sita, yale maandazi yetu ya kuoka yenye plamu katikati, ili akili ifanye kazi. Akanieleza, "Mpira unaokuja mbio, Arlys, unarudi mbio. Leland angerusha polepole, ule mpira usingefika hata kwa muuza soda." Leland alirusha maili tisini na tatu kwa saa. Mpira ulikwenda futi mia nne na kumi na mbili. Kwa hesabu ya Bwana Hruska, theluthi ya safari hiyo ni jasho la mwanangu. Lakini Bwana Hruska ni mtu wa kubana hata kwenye alama za mitihani, kwa hiyo mimi nimeifanya nusu.

Sasa nifuate taratibu. Ikiwa nusu ya pigo la mia tano ni ya Leland, basi nusu ya pigo la mia nne tisini na tisa ni ya mrushaji mwingine, na nusu ya lile la kabla yake vilevile, mpaka tufike la kwanza. Maana yake Eladio Montero ana mapigo mia mbili na hamsini. Niambie wewe mwenyewe ambaye kazi yako ni hii: ni klabu gani inawasha fataki kwa mia mbili na hamsini? Hakuna. Mliadhimisha mapema mno. Kwa hiyo naomba uwatangazie watu elfu arobaini na moja waliokuwapo kwamba walishangilia kabla ya wakati, kwamba shangwe zile hazihesabiki, na kwamba wataarifiwa siku sahihi ikifika. Kinyozi naye arudishwe kwao, aje upya.

Aidha, nimeanza kuwatafuta mama wa warushaji wote waliochangia. Mpaka sasa nimewapata ishirini na sita. Mmoja yuko Georgia, mwanawe alipigwa na Montero mara tisa, na mama huyo anadai kwenye hafla yoyote apewe viti tisa. Nimemwambia nitaliwasilisha. Tunaomba siku moja ya msimu iwe Siku ya Mama wa Warushaji, tuingie uwanjani kwa mstari, tusimame kilimani wote, na Montero apite akitushika mikono mmoja mmoja na kusema asante. Atachoka, lakini kupiga hakukumchosha.

Nieleweke, Montero sina ugomvi naye. Baada ya mchezo alimfuata Leland kwenye chumba cha timu ya wageni, akamwambia, "Kaka, ule mpira ulikuwa mzuri. Ningekuwa na miaka arobaini na moja badala ya arobaini, ningeukosa." Mtu mwenye adabu. Mama yake alimlea. Malalamiko yangu ni juu yenu.

5. Tano, na ndilo lililonifanya ninunue kalamu mpya, ni sanamu ya shaba.

Nimeona mchoro gazetini. Mei mtazindua mbele ya lango kuu sanamu ya ukubwa wa mtu na nusu: Montero na gongo lake, macho mbinguni. Na hatua kadhaa mbele yake, juu ya kilima cha shaba, Leland, shingo nyuma, mdomo wazi. Picha itachakaa, Ndugu Mkurugenzi. Kikombe cha Norbert kitavunjika, na nimekuwa nikiomba hivyo. Shaba haichakai. Miaka mia mbili kutoka sasa, mimi na wewe hatupo, watoto wa watoto wa watu watasimama pale na kuuliza, "Huyu mwenye gongo ni nani?" nao wataambiwa jina. Watauliza, "Na huyu aliyeachama?" nao wataambiwa, "Aa, huyo ndiye aliyepigwa." Mvua itaingia mdomoni. Ndege watataga humo. Watu watamwekea vipande vya sigara na maganda ya peremende. Mimi ni mama, siwezi kwenda kaburini huku mwanangu ana kiota mdomoni.

Wiki iliyopita nilimpigia simu katibu wako, Bi Rosalind, na nikamweleza hayo kwa sauti ambayo baadaye niliijutia. Alinisikiliza vizuri na kuniahidi kwamba atayafikisha. Sasa nayaandika ili yawe rasmi. Nina mapendekezo matatu, uchague moja: mfungeni mdomo, au mgeuzeni shingo atazame mbele kama binadamu wengine, au, kama mchongaji wenu hana adabu ya kufanya lolote kati ya hayo, mtoeni kabisa. Mtoeni, msimamishe Montero peke yake, aonekane kana kwamba mpira uliota hewani. Afadhali mwanangu asahauliwe kuliko akumbukwe ameachama.

Nimemaliza. Naomba jibu la maandishi, lisilopita ukurasa mmoja, na lisiwe na picha.

Nisalimie wote kazini. Mpe salamu Bi Rosalind na umwambie sauti ile haikuwa yangu ya kawaida. Msalimie mpiga kinanda wenu, ambaye peke yake siku ile alipiga wimbo wa upole wakati Leland anashuka. Msalimie kijana anayevaa manyoya ya korongo na kucheza juu ya paa la kibanda cha wachezaji. Mwambie anywe maji. Mama wa Montero mpelekee salamu za mama kwa mama. Dolores anakusalimu, ingawa amesema nisikuambie. Mtu wa fataki sina salamu naye.

Ni mimi, kwa heshima ambayo bado imebaki,

Arlys Kovarik (Bi.)

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kubandika stempu wakati tarishi alipoleta barua kutoka ofisini kwako. Umeandika: "Mama mpendwa, tumekusikia. Mchongaji ameagizwa kumwondoa mrushaji. Sanamu itakuwa ya Bwana Montero peke yake. Tunaomba radhi kwa usumbufu wote." Nilipiga makofi peke yangu jikoni. Nilisema hawa watu kumbe wana masikio.

Leland akaja mchana kula supu, vumbi la mahindi limejaa kwenye nyusi. Nikamsomea kwa sauti, nikitegemea atacheka. Akaweka kijiko mezani. Akaniuliza, "Mama, wamenitoa?" Nikamwambia wamekutoa, nimekupigania. Akasema, "Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku ile ya Mei. Nilinunua na koti." Mimi sikujua habari za koti. Nikamwuliza, mwanangu, unataka kwenda kujitazama umeachama? Akasema, "Sikushtuka pale, Mama. Watu wote wanadhani nilishtuka. Lilikuwa pigo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Niligeuka nilione mpaka mwisho." Kisha akasema siku zile tisa hakuna mtu mwingine aliyempiga picha akiwa na ile jezi. Ni hiyo moja tu. Akanawa mikono, akarudi ghalani, na kolache yake ikabaki kwenye sahani. Leland hajawahi kuacha kolache tangu aote meno.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, ningeichana barua hii yote, ila nimeiandika siku tatu na vidole vimevimba. Isome kisha uifute, kuanzia namba moja hadi namba tano, pamoja na nusu za mapigo na viti vya yule mama wa Georgia. Montero ana mia tano kamili, nakiri. Ila mpigie simu mchongaji leo, usingoje kesho, na kama amekwisha kumyeyusha amsubu upya. Shingo iwe nyuma na mdomo uwe wazi, wazi zaidi kama mnaweza, ili ajulikane ni yeye. Na mnitumie kikombe kimoja, la, vikombe viwili. Shaba ikipungua, punguzeni kwenye gongo la Montero, au kwenye Montero mwenyewe, ni mnene wa kutosha. Lakini mwanangu mrudisheni juu ya kile kilima, kwa sababu alikuwa pale, na ilimchukua miaka kumi na miwili kufika.